Pampu Haitamwokoa Samaki Wako

Kila mtu mwenye samaki kwa bedsita huuliza swali moja: nahitaji pampu ya hewa ama la? Na kila muuzaji ana jibu moja: nunua. Mimi nasema tangi dogo likipangwa vizuri halihitaji pampu, na likipangwa vibaya pampu inaahirisha mazishi tu.

Nimezika, kwa hivyo najua. Mwaka nilioacha chuo nilinunua samaki wa dhahabu wanne na bakuli la lita 10. "Kaka, bila pampu hawa hawatoboi," muuzaji akaniambia. Nikalipa. Ile pampu ilinguruma usiku kucha kama friji ya jirani, lakini mapovu yalikuwa yanapendeza, marafiki wakija wanapiga picha. Wiki ya tatu wote wanne walikuwa wanaelea, na pampu bado inapuliza mapovu chini yao kama hakuna kilichotokea.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba povu ndilo pumzi. Povu linapanda sentimita 20 na kupasuka, halikai majini muda wa kuacha oksijeni ya maana. Kazi yake kubwa ni kutikisa uso wa maji, maana ni pale juu, maji yanapogusana na hewa, ndipo oksijeni huingia na kaboni dayoksaidi hutoka. Sasa litazame lile bakuli la mviringo tunalolipenda. Tumbo pana, mdomo mwembamba, na sisi tunalijaza hadi shingoni. Yaani umemziba samaki pua halafu unamnunulia feni! Tangi la mstatili, pana na fupi, lina uso mkubwa zaidi kwa maji yaleyale, na chujio linalotikisa uso huo linafanya kazi ileile ya pampu.

Halafu kuna amonia, ambayo muuzaji hakuitaja hata kidogo. Samaki huitoa kila siku. Bakteria wanaoigeuza kuwa kitu chenye madhara madogo huchukua wiki kadhaa kuzaliana tangini. Mimi niliwatupa wanne ndani siku ya kwanza, bila chujio. Hakuna povu litakalosafisha uchafu huo.

Wanaotetea pampu wana hoja moja nzito, na mimi naishi Mombasa siwezi kuikana. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo: kwa nyuzi 20 ni kama miligramu 9 kwa lita, kwa nyuzi 30 ni kama 7.5. Mwezi wa tatu chumba changu ni jiko. Ukiamka ukute samaki wamejipanga juu wanahema, washa pampu sasa hivi, usibishane na mimi. Kisha wahesabu, uone ni wangapi wanafaa kuhamia kwa mtu mwenye tangi kubwa. Kwa sababu kama hawawezi kufika asubuhi bila pampu, umewafunga roho kwenye tokeni zako za stima. Na sote tunajua hizo tokeni huisha saa ngapi.

Saa hii nina beta mmoja, yule samaki mpiganaji, kwenye lita 25 na mimea kidogo. Beta huja juu kuvuta hewa yenyewe, ana kiungo cha kazi hiyo. Watu wa kando ya Ziwa Victoria hawatashangaa, wamekua wakimwona kamongo, ambaye ukimzuia asifike juu anakufa maji, samaki mzima. Mapovu makali humchosha beta bure. Anachotaka ni maji masafi, na hiyo ni ndoo na mkono wangu kila Jumapili.

Juzi stima ilipotea saa tisa usiku. Nikasikia majirani wanalalamika feni zimezima. Nikamulika tangi na simu: jamaa ametulia chini ya jani. Nikarudi kulala, na jasho langu.