Programu ya Wizi na Programu ya Bure



Katika miji midogo ya reli ya Mkoa wa Tabora, iwe Usoke, Urambo au Kaliua, steshenari imekuwa nusu ya ofisi ya kila mtu. Ni chumba kimoja chenye kompyuta moja au mbili, printa na mashine ya fotokopi. Hapo mkulima wa tumbaku hupigiwa chapa barua ya kuomba mkopo, mwalimu hutoa nakala za mitihani, na mzazi hujaziwa fomu ya mtoto aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Mwenye chumba mara nyingi ni kijana mwaminifu. Ukimzidishia chenji atakuita urudi. Lakini mwulize Windows iliyomo katika kompyuta yake aliinunua wapi. Atacheka. Fundi alimwekea kwa shilingi elfu chache, pamoja na Word na Excel, akaizima kinga ya mashine, akaendesha kijiprogramu cha kuvunja kufuli, na kazi ikaanza.

Je, kijana huyu ni mwizi?

Wapo wasemao la hasha. Ng'ombe akiibwa, wasema, zizi hubaki tupu. Programu ikinakiliwa, mwenyewe hubaki nayo, tena mwenyewe ni tajiri wa Marekani asiyejua hata Usoke iko wapi. Sipuuzi hoja hiyo. Leseni ya Windows ya matumizi ya nyumbani huuzwa Marekani kwa dola 139, yaani zaidi ya shilingi 300,000, na hapo Word haimo. Kijana akitoza shilingi 500 kwa ukurasa, itambidi apige chapa kurasa zaidi ya 600 kabla hajapata hata senti ya karatasi na umeme. Bei hiyo haikupangwa kwa kumfikiria yeye.

Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, wala haiulizi mwenye kazi ana mali kiasi gani. Nayo haiwezi kuuliza. Katika steshenari hiyo hiyo watu huingiziwa nyimbo katika simu kwa sarafu chache, na mwanamuziki wa Tabora aliyezitunga hapati kitu. Anapolalamika, hujibiwa kwamba wimbo wake bado anao. Tukimwambia hivyo twaona aibu kidogo, kwa kuwa yeye ni wetu. Kumwambia Mmarekani hatuoni aibu, na hapo ndipo ninaposhuku uaminifu wa hoja yetu.

Tena tusidhani kwamba tajiri huyo amepata hasara kubwa kwa ujanja wetu. Mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington juu ya China, Bill Gates wa Microsoft alieleza pasipo kuficha kwamba ikiwa watu hawana budi kuiba programu, afadhali waibe za kampuni yake, maana watazizoea, na namna ya kuwatoza itapatikana siku za mbele. Mtu anayeiba Windows miaka kumi hujifunza Windows peke yake, humfundisha nduguye hiyo hiyo, na akiajiriwa humshauri mwajiri ainunue.

Na mwenye kitu cha wizi huishi kwa hofu. Mitambo mingi ya namna hiyo imezimwa isipokee marekebisho kutoka kwa kampuni, fundi akiogopa kufuli litarudi. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai kikombozi, Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa dawa tangu Machi. Dawa haikuweza kuifikia mashine iliyofungiwa mlango.

Njia ya misafara ina kisa kinachofanana na hili. Mwaka 1871, Mtemi Mirambo wa Urambo alipoifunga njia ya moja kwa moja kutoka Tabora hadi Ujiji, Henry Morton Stanley alizunguka kusini kupitia Ukonongo. Safari ilirefuka, lakini hakuwa na la kuficha. Baadaye, alipofika Uha na kuchoka kulipa hongo kwa kila mtawala, alitoroka usiku, msafara wake ukinyata porini na kuogopa kila kelele. Sisemi kwamba hongo zile zilikuwa za haki. Natazama tu mwendo wa anayezunguka na mwendo wa anayenyata.

Katika kompyuta, njia ya kuzunguka ipo. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza kazi ya kuunda mfumo ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuunakili, kuurekebisha na kumpa jirani. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland akaleta Linux. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, neno ambalo kwetu ni utu, na hadi mwaka 2011 diski zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ambayo leo wachache wanaikumbuka; na hilo, kwa maoni yangu, linatuhusu sisi watumiaji kuliko waliotoa jasho. Simu ya Android uliyo nayo mfukoni ina kiini cha Linux.

Matatizo yapo. Jedwali lililochorwa katika Word huweza kupinda likifunguliwa katika LibreOffice. Baadhi ya programu za hesabu zimetengenezwa kwa Windows tu. Mafundi wengi wanajua njia moja. Kwa hiyo mwenye steshenari asifute kitu leo. Aweke LibreOffice katika mashine aliyo nayo, aandikie barua kwa mwezi mzima. Kisha aijaribu Ubuntu ikiendeshwa kutoka kwenye flashi, kabla ya kugusa diski ya ndani, aone kama printa yake inakubali. Mfumo huo ni gigabaiti kadhaa na bando ni ghali. Basi mmoja aupakue akiwa Tabora mjini, aupande nao treni hadi Usoke, awagawie wenziwe wote wenye kompyuta. Huko kunakili, wenye kazi wenyewe wamekuruhusu kwa maandishi.