Tamko la Wauguzi na Washauri wa Afya ya Akili kuhusu Sonona na Aina Zake

Sisi wauguzi na washauri nasaha tunaohudumia wagonjwa wa akili katika zahanati, vituo vya afya na hospitali, tunatoa tamko hili kuelekea Siku ya Afya ya Akili Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 10 Oktoba tangu mwaka 1992. Tunalielekeza kwa wananchi wa Tanzania, Serikali, viongozi wa dini, waajiri na vyombo vya habari.

Kauli yetu ni moja: sonona ni ugonjwa unaotibika, lakini una aina nyingi, na anayetibu bila kujua aina anabahatisha.

1. Hali tunayoiona kazini

Ni nadra mgonjwa wa sonona kufika kituoni akisema ana huzuni. Huja na kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, usingizi wa mang'amung'amu na mwili usio na nguvu. Hupimwa malaria, haionekani. Huondoka na dawa za maumivu, na akirudi mara ya pili hutundikiwa dripu au huchomwa sindano ya vitamini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoa huduma wasio mabingwa wa magonjwa ya akili unakataza kutibu sonona kwa sindano za vitamini, kwa kuwa haziitibu. Mgonjwa huyo hajidekezi, na maumivu anayoyasikia ni ya kweli. Alichokosa ni kuulizwa.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha sonona. Kipimo chake ni maswali, na mawili yanatosha kuanzia: Katika wiki 2 zilizopita, je, umesumbuliwa na huzuni au kukata tamaa? Je, umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyafurahia? Akijibu ndiyo kwa mojawapo, yapo maswali 9 ya kumchunguza zaidi, ambayo yamekwisha kujaribiwa kwa Kiswahili hapa nchini. Hayahitaji mashine wala umeme. Yanahitaji chumba chenye mlango unaofungika na mhudumu asiye na haraka.

2. Aina za sonona ambazo kila familia izijue

(a) *Sonona ya kipindi.* Huzuni au kukosa hamu hudumu siku nyingi kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na mabadiliko ya usingizi, ulaji, umakini na nguvu, kiasi cha kumzuia mtu kufanya kazi zake. Majonzi ya msiba si ugonjwa. Mfiwa hulia, na bado huweza kucheka anaposimuliwa kisa cha marehemu. Lakini mfiwa anayejiona hana thamani, au anayetamani kufa, aonwe na mtaalamu.

(b) *Sonona ya muda mrefu.* Hii haimwangushi mtu kitandani. Humkalia kwa miaka 2 na zaidi, anaamka, anakwenda shambani au ofisini, ila hana raha. Jamaa huishia kusema ndivyo alivyoumbwa, na yeye mwenyewe huamini hivyo. Hata hii inatibika.

(c) *Sonona ya ujauzito na baada ya kujifungua.* Machozi ya siku chache baada ya kujifungua huwapata wazazi wengi na hukoma ndani ya wiki 2. Yakipita hapo ni jambo jingine. Tazameni kliniki ya mama na mtoto: mtoto anavuliwa nguo, anatundikwa kwenye mzani, uzito unaandikwa kwenye kadi, chanjo inatolewa, na mama anaambiwa tarehe ya kurudi. Hakuna aliyemuuliza kama yeye analala. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupatwa na tatizo la afya ya akili, hasa sonona, baada ya kujifungua. Na mzazi akianza kusikia sauti, kukosa usingizi kabisa au kuwa na dhana za ajabu kuhusu mtoto wake, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

(d) *Sonona iliyo sehemu ya baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka.* Mtu aliyezama leo huenda miezi iliyopita alikuwa halali, anaongea bila kituo, anagawa fedha na kuanzisha miradi mitano kwa mpigo. Akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa tena kwenye hali hiyo ya kupanda. Ndiyo maana tunaiuliza familia habari za nyuma, si za wiki hii tu.

(e) *Sonona yenye kusikia sauti au kuamini yasiyokuwapo.* Mgonjwa anaweza kushikilia kwamba ameoza tumboni, au kwamba ametenda dhambi isiyosameheka. Huyu anahitaji hospitali, na hatapona kwa kubishiwa.

(f) *Sonona inayoandamana na ugonjwa mwingine.* Upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, kisukari, kiharusi, VVU na baadhi ya dawa vinaweza kuleta sonona au kufanana nayo. Pombe nayo humpa mnywaji ahueni ya usiku mmoja, ikamwongezea sonona asubuhi.

Tunaongeza kwamba sonona haifanani kwa watu wote. Kwa wanaume wengi hujitokeza kama hasira na ulevi, kwa vijana kama utoro na kujitenga. Mzee anayesahausahau na kukataa chakula huambiwa ni uzee, kumbe pengine ni sonona.

3. Namna ya kuishi nayo na kupona

Kwa sonona isiyo kali, mazungumzo na mshauri aliyefunzwa huweza kutosha. Mgonjwa hupangiwa jambo dogo la kila siku: kuoga asubuhi, kutembea hadi sokoni, kumpigia mtu mmoja simu. Asingoje hamu ije ndipo atende. Atende kidogo, hamu hufuata.

Kwa sonona ya wastani au kali, dawa kama amitriptilini na fluoksetini husaidia, zikitolewa na mtaalamu. Wengi huziacha mapema kwa sababu mdomo kukauka, usingizi au kichefuchefu huanza siku za mwanzo, wakati nafuu huchukua wiki kadhaa. Dawa hizi hazimfanyi mtu kuwa teja. Huendelezwa kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha, na hupunguzwa polepole kwa ushauri wa aliyezitoa.

Ndugu na marafiki, acheni maneno kama "jikaze" na "mbona wenzako wana shida kuliko wewe". Mwulizeni amekula nini, msindikizeni kliniki, chukueni zamu ya kulea watoto. Mkihofu anawaza kujiua, mwulizeni waziwazi. Swali hilo halimpandikizii wazo, humfungulia kifua. Akikiri, asiachwe peke yake, vitu vinavyoweza kumdhuru viwekwe mbali naye, na apelekwe kituo cha afya mara moja.

4. Wito wetu

Kwa Serikali: maswali mawili tuliyoyataja yaingizwe katika kila hudhurio la kliniki ya mama na mtoto, kliniki za VVU na za kisukari, na dawa za sonona zisikosekane katika vituo vya afya. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, imehudumia wagonjwa tangu 1927, lakini jina lake limegeuzwa tusi mtaani, na wengi hukwepa matibabu wasije wakaitwa "wa Mirembe". Sonona nyingi zinatibika karibu na nyumbani. Mgonjwa asilazimike kusafiri mikoa miwili.

Kwa Bunge: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Matokeo yake familia humficha, au humfikisha hospitali na kusema ni ajali, nasi tunatibu jeraha na kuacha ugonjwa. Ghana ilifuta kosa kama hilo mwaka 2023, na Mahakama Kuu ya Kenya ikatamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Tunaomba chetu kifutwe.

Kwa viongozi wa dini: dua na maombi vina nafasi yake kwa mgonjwa anayevitaka. Tunachoomba ni asiambiwe kwamba dawa ni upungufu wa imani.

Kwa waajiri: likizo ya ugonjwa ni haki ya mwenye sonona kama ilivyo ya mwenye malaria.

Kwa vyombo vya habari: msitangaze njia aliyotumia aliyejiua, wala msilifanye tukio kichwa cha habari cha kusisimua.

Kwa vikundi vya kuweka na kukopa: mnakutana kila wiki na mnajuana kwa shida na raha. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vikundi vya wanakijiji, vikiongozwa kwa wiki 16 na wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki 2, vilipunguza sana sonona. Hilo linawezekana hapa.

5. Tunachojifunga nacho

Tunajifunga kumuuliza kila mgonjwa kabla ya kumwandikia dawa, kutunza siri yake, kumweleza aina ya sonona aliyonayo kwa lugha anayoielewa, na kumpa rufaa mapema pale uwezo wetu unapokoma. Kikundi, shule, kanisa au msikiti utakaotaka tuje kufundisha maswali haya mawili, tuiteni. Tutakuja.

Limetolewa na Kamati ya Utendaji, kwa niaba ya wanachama wote.