SWICHI KUU KATIKA OFISI NDOGO



Mwezi huu tumepokea barua kutoka Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Aliyeiandika ni kijana anayemsaidia baba yake katika ofisi ndogo ya usafirishaji. Kila msimu wa pamba malori yao huchukua mizigo katika maghala ya vyama vya msingi na kuipeleka viwandani, na ofisini mwao ndimo zinamoandikwa hati za safari, hesabu za mafuta na malipo ya madereva. Kijana huyo atueleza kwamba msimu uliopita, siku ambayo kazi ilikuwa nyingi kuliko siku zote, mtandao wa ofisi ulikatika tangu asubuhi hadi baada ya Alasiri. Madereva walikaa chini ya miti, malori yao yamejaa, na huko vijijini wakulima wakingoja malori hayo hayo yarudi. Baba akamlaumu mwanawe mbele ya watu, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma.

Sasa baba ametenga fedha za kununua swichi mpya ya mtandao, na mafundi wawili wamekwisha kuja kutoa shauri. Wa kwanza asema inunuliwe swichi kubwa ya matundu 48 iliyokwisha kutumika ng'ambo, kwani hiyo ndiyo inayotumiwa na mabenki. Wa pili asema fedha zisipotezwe; ziongezwe swichi ndogo ndogo za bei rahisi, moja ichomekwe katika nyingine, kama zilivyo sasa. Kijana atuuliza amfuate yupi.

Twamjibu kwamba asimfuate hata mmoja mpaka yeye mwenyewe amekaa na karatasi na kalamu akahesabu. Chombo hununuliwa kwa haja inayojulikana. Asiyeijua haja yake atanunua haja ya muuzaji.

Kabla ya kuhesabu, tuelezane kwanza swichi ni kitu gani, maana wengi huichanganya na ruta. Ruta ndiyo inayoiunganisha ofisi na dunia ya nje. Swichi kazi yake ni ndani: huziunganisha kompyuta, printa, kamera na vyombo vingine vya ofisi ili vipate kusemezana. Etheneti, yaani mtandao wa waya tunaoutumia maofisini, ilianza mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California, kwa kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs. Katika mitandao ya zamani kila ujumbe ulisikiwa na vyombo vyote, mfano wa mpiga mbiu anayepita mji mzima kumtafuta mtu mmoja. Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana ya Marekani ilileta swichi ya kwanza ya Etheneti, na mambo yakabadilika. Swichi ni kama tarishi hodari: huzikariri anwani za vyombo vyote na tundu ambalo kila kimoja kimechomekwa, kisha kila barua huipeleka kwa mwenyewe tu. Swichi kuu ni ile iliyo katikati, ambayo vyombo vyote na swichi nyingine zote huitegemea. Ikisimama hiyo, ofisi nzima imesimama.

Sasa turudi katika barua. Kijana wetu ametaja, kama jambo dogo la kupita, kwamba mtandao ulirudi baada ya kuonekana waya mmoja mfupi chini ya meza, ncha zake mbili zimechomekwa katika swichi moja. Huenda mtu aliyefagia aliona ncha imelegea akaichomeka kwa nia njema. Ndugu zetu, jambo hili si dogo. Huo ndio ugonjwa wenyewe! Ujumbe unaopelekwa kwa vyombo vyote ukiingia katika duara kama hilo, hutoka huku na kurudi kule, ukizaa nakala juu ya nakala, mpaka njia zote zikajaa na ujumbe wa haki ukakosa pa kupita.

Dawa yake imejulikana zamani. Mwaka 1985 bibi mmoja mtaalamu, Radia Perlman, aliyekuwa katika kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alibuni taratibu ambayo kwayo swichi hutambua duara na kuifunga njia moja. Swichi nyingi za bei ya chini kabisa hazina taratibu hiyo. Swichi inayosimamiwa, yaani ile ambayo fundi aweza kuingia ndani yake na kuipa amri, aghalabu inayo. Kama ingalikuwako katikati ya ofisi ile, ingalilifunga tundu lile lililoleta vurugu, na meza moja ingalinyamaza badala ya ofisi nzima. Basi jambo la kwanza la kudai katika chombo kipya ni kinga hii dhidi ya mzunguko. Ukubwa hautajwi hapa kabisa.

Sasa na tuhesabu pamoja.

Kwanza, matundu. Barua yataja kompyuta 8, printa 2, chombo 1 cha kuwekea kumbukumbu, kamera 4, vituo 2 vya Wi-Fi na ruta 1. Jumla ni 18. Swichi ya matundu 16 haitoshi, ya 24 yabakiza matundu 6 ya akiba, na ya 48 yaacha 30 yakikusanya vumbi. Biashara hii yatosheka na 24.

Pili, kasi. Wengi hudhani swichi ya kasi kubwa itaongeza kasi ya intaneti. La hasha! Ikiwa ofisi yalipia megabiti 20 kwa sekunde, hakuna swichi itakayozifanya 21. Faida yake iko ndani. Tuseme kila jioni hunakiliwa kumbukumbu za gigabaiti 10. Kwa swichi ya megabiti 100 kazi hiyo itachukua kiasi cha dakika 13, na kwa swichi ya gigabiti 1 itachukua sekunde 80 hivi. Kwa hiyo gigabiti 1 kwa kila tundu ndiyo kadiri ya kutafuta. Swichi ya matundu 24 ya gigabiti iwe na uwezo wa gigabiti 48 kwa sekunde, kwa sababu kila tundu hutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Zile za gigabiti 10 kwa kila tundu tuwaachie wenye kazi zake.

Tatu, umeme unaopita katika waya wa mtandao, ambao mafundi huuita PoE. Kwa njia hii kamera au kituo cha Wi-Fi hupata umeme na mawasiliano kwa waya mmoja, bila kutafuta soketi darini. Kanuni yake ya mwaka 2003 yaruhusu swichi itoe hadi wati 15.4 kwa tundu, na ile ya 2009 hadi wati 30. Lakini kuna mtego hapa. Swichi yaweza kuwa na matundu mengi ya namna hii, na jumla ya umeme inaoweza kutoa ikawa ndogo. Kamera 4 zikila wati 7 kila moja ni wati 28, na vituo 2 vikila wati 13 ni 26. Jumla ni wati 54. Basi isitafutwe swichi iliyo chini ya wati 70 kwa jumla, ili ibaki nafasi ya kamera ya tano.

Nne, umbali na radi. Kijana asema ghala liko nyuma ya ofisi, mwendo wa mita 140, na fundi mmoja ataka kuvuta waya wa shaba hadi huko. Waya wa shaba wa Etheneti mwisho wake ni mita 100. Isitoshe, sisi tukaao karibu na Ziwa Victoria twazijua radi zake. Waya wa shaba unaotoka jengo moja hadi jingine waweza kuibeba nguvu ya radi na kuipeleka moja kwa moja katika swichi, na kutoka hapo katika kila kompyuta. Dawa ni faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Faiba isiyo na chuma ndani yake haipitishi umeme, na mita 140 kwake ni safari fupi sana. Kwa hiyo swichi itakayonunuliwa iwe na angalau nafasi mbili za kupokelea faiba.

Tano, kugawa mtandao. Hili twalitilia mkazo kuliko mengine, kwa sababu linagusa amana. Katika ofisi ile madereva na wageni hupewa neno la siri la Wi-Fi wakingoja hati zao. Ni ukarimu mzuri. Lakini ikiwa simu ya mgeni na kompyuta ya mhasibu zimo katika mtandao mmoja usiogawanywa, mgeni yule, au kirusi kilichojificha katika simu yake bila yeye kujua, amewekwa mlangoni pa vitabu vya hesabu. Swichi inayosimamiwa yaweza kuugawa mtandao mmoja ukawa kama mitandao mitatu: wa hesabu, wa kamera na wa wageni. Mafundi huuita mgawo huo VLAN, na kanuni yake, iitwayo 802.1Q, ilitolewa mwaka 1998. Pia ruta lazima iamriwe kukataza njia baina ya sehemu hizo, ama sivyo utakuwa umejenga ukuta ukaacha mlango wazi. Majina, namba za simu na malipo ya watu ni amana mikononi mwa aliyepewa. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamdai anayekusanya habari za watu azilinde, awe mkubwa au mdogo.

Sita, joto, vumbi na umeme. Wakati wa kiangazi vumbi la Bariadi huingia kila mahali, na penye pamba hapakosi nyuzi zinazoelea hewani. Swichi yenye feni huvuta yote hayo tumboni mwake. Ikipatikana isiyo na feni yenye uwezo tuliokwisha kuutaja, hiyo ni bora. Itundikwe ukutani ndani ya kabati lenye matundu ya hewa, isiwekwe sakafuni wala chini ya meza. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huua vyombo. Kwa hiyo swichi na ruta zipewe UPS, na nyumba iwe na waya wa ardhini ulio mzima.

Kwa hesabu hii mafundi wetu wawili wamekwisha kujibiwa. Swichi kubwa iliyotumika yaweza kuwa imekwisha kuachwa na watengenezaji wake, haipati tena marekebisho ya programu zake za usalama, na feni zake hupiga kelele kutwa. Ikila wati 100 usiku na mchana, kwa mwaka ni uniti 876 za umeme. Ndogo inayokula wati 20 itamaliza uniti 175 tu. Bei rahisi ya dukani yalipwa polepole katika luku. Na kuunga swichi ndogo moja kwa nyingine ni kuurudisha ugonjwa uleule: ya kati ikifa, zote zilizo nyuma yake zimekufa, na waya mmoja wa duara watosha kuisimamisha ofisi. Huyu wa kwanza ametuita kwenye israfu, na yule wa pili kwenye ubahili unaogharimu. Tushike njia ya kati: swichi moja mpya inayosimamiwa, ya matundu 24 ya gigabiti, yenye PoE ya kutosha na nafasi za faiba, na kila chombo kichomekwe humo moja kwa moja.

Chombo kikiisha kununuliwa, yako mambo manne yasiyogharimu fedha nyingi. Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ile ile. Kila waya ubandikwe jina katika ncha zake mbili. Ramani ya mtandao ichorwe katika karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati. Na ile swichi ya zamani iliyo nzima isitupwe. Iwekwe kando, ili mpya ikiharibika siku ya kazi nyingi, kompyuta za hesabu zihamishiwe humo angalau zitoe hati.

Kwa vijana wetu wanaojifunza ufundi huu, na sasa ni wengi, twasema: mteja asiyejua ni amana kama fedha zake. Ukimwambia anunue matundu 48 na haja yake ni 18, umekula mali yake kwa ulimi. Mhesabie mbele yake, mweleze kwa maneno anayoyafahamu, nawe utaitwa tena.

Na kwa mzee wetu wa Bariadi, baba wa kijana huyu, twaomba radhi kwa kusema neno katika nyumba yake. Siku ile mtandao ulipokatika, ni huyo mwanao aliyeinama chini ya meza mpaka akauona waya. Hakuwa na ramani, wala waya zenye majina, wala chombo chenye kinga, na juu ya hayo aliweza. Mpe karatasi na kalamu, mkahesabu pamoja. Huenda msimu ujao, inshallah, malori yakatoka mapema.