Sehemu ya 7: Kwa nini hakupiga simu

Tunaendelea na mfululizo wetu wa kazi ya uuguzi kama ilivyo, siyo kama inavyoonekana kwenye picha za Siku ya Wauguzi. Baada ya sehemu ya 6 wengi mmeniandikia pembeni mkiuliza swali lilelile: inchaji mzuri ni yupi, mkali au mpole? Nimelifikiria zamu mbili za usiku, na kwa kweli naona swali lenyewe limekaa vibaya. Ngoja niwape kisa kwanza, halafu mtaniambia.

Kabla sijaja huku Momba nilifanya kazi kituo kimoja. Sikitaji, na msianze kukisia kwenye komenti. Inchaji wetu wa wodi ya wazazi alikuwa anaijua kazi, hilo nalisema wazi kabisa. Mtoto akikataa kulia, ungependa yeye awe karibu. Ila alikuwa na sauti moja tu. Sauti aliyotumia mama anapotoka damu ndiyo hiyohiyo aliyotumia kuuliza nani kahamisha ndoo ya klorini. Alikufokea mbele ya mgonjwa, mbele ya ndugu, mbele ya wanafunzi. Na kuhusu simu za usiku alikuwa na msemo wake: "Usiniamshe kwa vitu vidogo."

Kulikuwa na binti ndiyo kwanza ameripoti, ajira mpya. Usiku ule tulikuwa watatu: yeye, mimi na mama mhudumu. Mimi nilikuwa leba na mama anayesukuma, binti akabaki na waliokwisha kujifungua. Mmoja wao alikuwa na miaka 21, uzazi wa kwanza, alijifungua saa nne usiku bila shida. Baada ya muda binti akaona pedi imelowa. Akabadilisha. Ikalowa tena. Presha ilikuwa nzuri, na hapa ndipo wengi tunapodanganyika, maana mwili wa kijana unajikaza. Damu inakwenda, presha inasimama palepale, halafu inaanguka kwa mkupuo. Mapigo ya moyo ndiyo yanayotangulia kupanda. Binti aliyaona mapigo yamepanda. Aliyaandika kabisa, na saa ameandika. Alichoshindwa ni kupiga simu.

Baadaye aliniambia huku analia: "Dada, nilishika simu mara tatu. Nikawaza, nikimwamsha halafu ikawa kitu kidogo?"

Mtauliza, na wewe je, uliyekuwa chumba cha pili? Kwa nini hakukuita? Hapo nami niseme ukweli wangu. Jioni ile, tukipokea zamu, aliniuliza jambo kuhusu dripu nikamjibu, "Kwani chuoni mlikuwa mnasoma nini?" Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na haraka. Lakini nimejiuliza sana nilijifunza wapi kujibu vile, na jibu ni rahisi tu. Sauti ya inchaji ilikuwa imeshaingia kinywani mwangu.

Nilipotoka leba nilimkuta yule mama wa baridi, midomo myeupe. Tukaanza kukimbia. Tukamkanda kizazi, dripu mbili, dawa, gari. Huko alikopelekwa alipona, ila ilibidi watoe kizazi. Miaka 21, mtoto mmoja.

Asubuhi kwenye kikao inchaji akauliza, kwa sauti ileile: "Kwa nini hukunipigia?" Binti kimya. Sote kimya. Nadhani mpaka leo hajapata jibu.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi ukali ni dhambi. Mama akitoka damu mimi sitaki kiongozi wa kuniambia "naomba kama hutojali". Aniambie: wewe, mstari wa pili wa dripu. Wewe, oksitosini yuniti 10 kwenye msuli. Wewe, shika simu, ita gari. Kwa sauti kubwa, kwa jina, na mimi nirudie alichosema ili ajue nimesikia sawa. Ukali wa namna hiyo hauna anayeuchukia. Tatizo ni kiongozi ambaye dharura imekwisha, mgonjwa ametulia, tumeketi kuandika, na yeye bado yuko kwenye sauti ya dharura. Ukiishi mwaka mzima na sauti hiyo unajifunza kujificha.

Kuna mganga mmoja namfikiria sana kwenye hili, wa kule Uganda. Dkt. Matthew Lukwiya, aliyekuwa mganga mfawidhi wa Hospitali ya St. Mary's Lacor, Gulu. Oktoba 2000 alikuwa Kampala masomoni. Akapigiwa simu kwamba kuna ugonjwa wa ajabu, wanafunzi wa uuguzi wanakufa. Akarudi, akakaa na majalada ya wagonjwa, akasoma miongozo, akaanza kuwatenga wagonjwa hata kabla maabara ya Afrika Kusini haijathibitisha kwamba ni Ebola. Mlipuko ule uliugusa watu 425 na kuua 224. Lacor pekee ilipoteza zaidi ya wafanyakazi kumi, wengi wao wauguzi.

Tazameni alivyoongea na watu wake. Kwenye wodi ya kutenga hakuwa na mjadala: nguo za kinga huvaliwa hivi, huvuliwa hivi, basi. Hapo alikuwa mkali na alipaswa kuwa mkali. Lakini mwishoni mwa Novemba vifo viliongezeka, wauguzi walikufa kwa kufuatana, na mamia ya wafanyakazi wakagoma. Wakakusanyika, wakasema hospitali ifungwe. Fikiria wewe ndiye mfawidhi siku hiyo. Wangapi kati yetu tungetuma barua za kujieleza? Yeye alikwenda akasimama mbele yao, akawauliza wanataka nini. Akawasikiliza. Hakuwaambia hakuna hatari, maana wote walikuwa wametoka kuzika wenzao. Aliwaambia anayetaka kuondoka aondoke, yeye anabaki. Mazungumzo yalikuwa marefu. Walirudi wodini.

Na maneno yale wangeyapuuza kama wasingekuwa wanamjua. Mwaka 1989 waasi walivamia hospitali ileile wakitaka kuchukua watu, akajitoa achukuliwe yeye. Kwa hiyo aliposema "nabaki", watu walikuwa na sababu ya kumwamini.

Kinachonirudisha kwenye kisa changu ni hiki. Siku chache kabla ya mgomo, usiku, wauguzi wa zamu walimwita. Muuguzi mwenzao aliyekuwa mgonjwa alikuwa na hali mbaya sana, anatoka damu, amechanganyikiwa. Walimwita bosi mkubwa kabisa wa hospitali, usiku, na alikuja. Alivaa gauni, barakoa na glovu, ila hakuvaa kinga ya macho. Inaaminika hapo ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akazikwa palepale hospitalini.

Sisemi kila inchaji afe ili aaminiwe, jamani. Na kama mtu wa kinga na maambukizi nasema pia kwamba ile haraka ya kuingia bila kinga ya macho ilitunyang'anya mtu ambaye tulimhitaji. Ila jiulize, wale wauguzi walikuwa na ujasiri gani wa kumpigia mganga mfawidhi usiku? Binti wetu alishindwa kumwamsha inchaji wa wodi.

Mtasema yule ni shujaa, na mashujaa ni wachache. Sawa. Basi tuje kwenye kitu kidogo, cha kila siku, na kilijaribiwa hapahapa kwetu. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza ile orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, ilijaribiwa hospitali nane duniani: London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Ndiyo, Ifakara ya Morogoro. Matokeo yalitoka Januari 2009. Vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Orodha ina vipengele 19, na vingi ni vya kitaalamu: antibayotiki imetolewa, hatari ya kupoteza damu imeangaliwa, pamba zimehesabiwa. Lakini kimojawapo, kabla kisu hakijagusa ngozi, ni kila aliyemo chumbani ajitambulishe jina na kazi yake. Nimekaa vyumba vya upasuaji ambapo hicho kipengele kinawekewa tiki bila mtu kufungua mdomo, kwa sababu "si tunajuana". Hatujuani. Daktari anamwita muuguzi "wewe sista" miaka miwili. Sidai kwamba ni kutaja majina ndiko kulikoshusha vifo, orodha ni kitu kimoja chote. Ninachokijua kwa macho yangu ni kwamba mtu aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya daktari hapati shida sana kutamka baadaye, "Dokta, samahani, pamba moja haijatimia." Sentensi ya kwanza ndiyo ngumu. Kiongozi anaweza kumsaidia mtu aivuke mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Sasa turudi hapa Chitete. Wilaya yetu ni changa, imeanza 2012, na watumishi tumetoka kila kona: Kagera, Mwanza, Kilimanjaro, Kyela. Wagonjwa wengi ni Wanyamwanga, na bibi akizidiwa na maumivu Kiswahili kinamkimbia, anaongea Kinyamwanga tupu. Anayemwelewa ni nani? Mama mhudumu. Ana miaka zaidi ya hamsini, hana cheti cha uuguzi, na anajua mengi kuhusu hao wagonjwa kuliko sisi sote. Anajua huyu mama ameficha nini kwa sababu mama mkwe wake yupo kitanda cha pili.

Nimeona kijana wa shahada, miaka 28, akifika na kumwamuru mama huyo kama anavyomwamuru mwanafunzi: "Sogeza kile kitanda!" Kitanda kilisogezwa. Lakini kuanzia siku hiyo mama hakumwambia kitu chochote zaidi ya alichoulizwa. Mwingine akaja, cheo kilekile, akaanza na "Shikamoo mama", akamuuliza, "Mama, usiku huu nani anakutia wasiwasi?" Huyo alikuwa anapata ripoti ambayo haimo kwenye kitabu. Na aliyemwamkia siyo kwamba alikuwa mpole. Huyohuyo alikuwa anamsimamia muuguzi mpya hatua kwa hatua, akimwambia arudie, na mkongwe wa miaka 20 alikuwa anamwambia tu "kitanda namba 4" na anaondoka. Ukimwelekeza mkongwe hatua kwa hatua anaona unamdharau. Ukimwachia mgeni kwa maneno mawili, umemtupa.

Halafu kuna grupu la WhatsApp. Mnajua ninachotaka kusema. Saa kumi na moja alfajiri, herufi kubwa: KUANZIA LEO. Picha ya karatasi ya mgonjwa isiyojazwa, jina la muuguzi limeonekana, na watu arobaini wanasoma akiwemo aliyehama kitambo na akasahaulika kuondolewa. Achilia mbali siri ya mgonjwa, ambayo peke yake ni kosa. Hebu niambie, wiki ijayo huyo muuguzi akikosea dozi ambayo hakuna aliyeiona, atasema? Grupu ni la ratiba ya zamu na misiba. Kosa la mtu lina simu yake, au benchi nyuma ya jengo.

Nisiwasahau wapole. Kuna kiongozi hajawahi kumfokea mtu, kila anachoulizwa anajibu "tutaliangalia". Posho ya kuitwa kazini, tutaliangalia. Sare, tutaliangalia. Miezi kumi. Huyo naye haaminiki, na bora yule mkali aliyeniambia "hela haijaingia na sijui itaingia lini." Nilikasirika, lakini siku nyingine akisema kitu nilikiamini.

Yule binti wa usiku ule bado ni muuguzi. Watu walidhani ataacha. Mwezi uliopita alinipigia, sasa naye anaongoza zamu huko aliko, na amepata kijana mgeni kabisa, mkimya. Akaniuliza, "Dada, nimwambieje ili akiona tatizo anipigie?"

Nilimwambia asimwambie kitu. Usiku wa kwanza kijana akiwa zamu, saa nne hivi, ampigie yeye. Amuulize wodi ikoje, kitanda gani kinamsumbua, kisha amshukuru na akalale. Afanye hivyo siku mbili tatu.

Akacheka, akasema sawa. Wiki iliyopita akanitumia ujumbe: kijana amempigia saa nane usiku. Ilikuwa kitu kidogo, dripu imevimbisha mkono. Aliamka, akaenda.

Naingia zamu saa mbili. Sehemu ya 8 ni makabidhiano ya zamu, na nina hasira nayo, kwa hiyo mjiandae.