Kama umelipwa, sema umelipwa



Hivi karibuni ukurasa wetu ulipata ujumbe. Kampuni moja ya pari ya mipira ilituandikia kwa heshima: tuweke kode yao ya promo, tufanye video moja kila wiki, na wao watatulipa kila mwezi. Walisema wametuchagua juu vijana wanatuamini.

Tulijadiliana jioni nzima. Hatutawaficha: kuna wenzetu waliosema tukubali. Nyumba ya mikutano tunailipa kwa michango yetu, mega tunanunua kwa mfuko wetu, na mwenzetu akikamatwa, ni sisi tunazunguka kutafuta pesa ya wakili. Ile pesa ingesaidia. Mwishowe tulikataa. Tunataka kueleza sababu, maana jambo hili siyo letu peke yetu.

Kulipa mtu ili akusifu siyo kitu kipya mu inchi yetu. Wote tunajua mabanga. Mwanamuziki anaita jina la mfanyabiashara, la mkubwa wa jeshi, la waziri, katikati ya wimbo, na mwenye jina analipa. Kinshasa, Bralima na Primus yake, Bracongo na Skol yake, walishindania wanamuziki wakubwa miaka na miaka. Lakini hakuna aliyedanganywa. Hata mtoto anayecheza ku arusi alijua: jina likiitwa, pesa imetoka.

Leo mambo yamebadilika. Kampuni hazitafuti tena nyota wakubwa tu. Zinatafuta dada wa Kadutu mwenye wafuasi elfu nane, mchekeshaji wa Birere, kijana wa Katuba anayefanya live kila usiku. Kwa nini? Juu huyu anawajua watu wake, anawasalimia kwa majina, na neno lake linasikika kama neno la jirani. Anasimama jikoni kwake, anashika chupa, anasema: "Mimi mwenyewe natumia hii." Hakuna pahali ameandika kama amelipwa. Libanga lilikuwa wazi. Hili limefichwa ndani ya urafiki.

Turudi kwa ile pari. Tuliwauliza: tutalipwa namna gani? Jibu njo lilitufungua macho. Katika biashara hii iko namna mbili. Ya kwanza, unapata kiasi fulani kwa kila mtu anayejiandikisha na kode yako na kuweka pesa. Ya pili, unapata sehemu ya pesa ambayo watu wako wanapoteza. Soma tena: wanapoteza. Maana yake, yule anayekuambia "ndugu zangu, leo tunakula wote" anaweza kuwa anakula siku ile wewe unalala njaa. Na ile skrini yenye dola mia nane anayokuonyesha? Michezo kama ule wa ndege inayopanda iko na sehemu ya majaribio, ambako pesa siyo ya kweli. Wewe unayetazama huwezi kujua anacheza wapi.

Mmoja wetu anaendesha moto. Alifuata kode ya mchekeshaji anayempenda. Siku ya kwanza alishinda franga elfu kumi na tano. Mwisho wa wiki pesa ya kumpelekea mwenye moto ilikuwa imekwisha. Alikopa kwa shemeji yake, akacheza tena, na leo hana moto. Wenzetu wa Goma, ambako mabenki yalifunga milango Januari 2025, wanaelewa haraka hatari hii: pesa iko ndani ya simu, na pari iko ndani ya simu ile ile. Hakuna hata njia ya kutembea ambako mtu angebadili mawazo.

Mafuta ya kung'arisha ngozi ni vilevile. Hidrokinoni imekatazwa mu mafuta ya ngozi ku Umoja wa Ulaya tangu 2001. Zebaki, ambayo inapatikana katika baadhi ya mafuta na sabuni hizo, inaharibu figo. Ile video inaonyesha uso tu. Figo haionekani ku TikTok.

Na tusisahau siasa. Mwenye kuzoea kuuza sabuni bila kusema analipwa, wakati wa kura atauza mgombea namna ile ile.

Hatusemi washawishi ni adui. Wengi ni vijana kama sisi: wana diplome, hawana kazi. Wengine wanalipwa chupa mbili za mafuta na forfe ya mega, bila mkataba wowote. Kutangaza bidhaa ni kazi, na kazi ilipwe vizuri. Tunachokataa ni kuficha.

Ufaransa iko na sheria ya tarehe 9 Juni 2023: mshawishi aliyelipwa lazima aandike wazi kwamba ni tangazo. Sheria hiyo ilipotoka mwaka 2023, aliyeivunja aliweza kufungwa mpaka miaka 2 na kutozwa faini mpaka euro 300,000. Kuna Wakongomani wenye wafuasi wengi wanaoishi kule. Wakiongea na Wafaransa, sheria inawalazimisha kusema. Wakiongea na sisi, wananyamaza.

Hapa kwetu vyombo havikosekani. CSAC iliundwa na sheria ya 2011. Kanuni ya Dijitali iko tangu tarehe 13 Machi 2023. Tumeiona ikitumiwa juu ya waandishi wa habari. Tunangoja kuiona ikimlinda mama aliyeuziwa sumu ndani ya chupa nzuri.

Kwa hiyo tunaomba:

– Washawishi: andikeni "nimelipwa" ku mwanzo wa video, siyo chini kabisa. Kataeni pari na mafuta ya sumu. Ombeni mkataba.

– Kampuni: lipeni kazi kwa pesa, siyo kwa zawadi, na msimlipe mtu kwa hasara ya mwenzake.

– CSAC na serikali: toeni amri iliyo wazi juu ya matangazo ya mitandaoni, na mlinde watoto mbele ya pari.

– Sisi wote: kabla ya kubonyeza, tuulize chini ya video, kwa heshima: "Dada, umelipwa?"

Sisi tunaanza na nyumba yetu. Ukurasa huu hautachukua pesa ya pari, ya mafuta ya sumu, wala ya mwanasiasa. Tukipokea msaada wowote, tutaandika nani ametoa na kiasi gani. Mkiona tumesahau, mtuulize hapa hapa, mbele ya wote.