UVUMBUZI WA MFANYAKAZI ULIPWE



Siku hizi kila tukiitwa mkutanoni na mabwana wa kazi twasikia neno moja: uzalishaji. Ati uzalishaji uko chini. Ati mishahara haiwezi kupanda mpaka uzalishaji upande kwanza. Ati wataalamu watafanya utafiti, mitambo mipya italetwa, nasi kazi yetu ni kutii na kungoja. Leo twataka kulijibu neno hili, kwa maana tumelisikia sana na tumenyamaza sana.

Kwanza tukubali lililo kweli. Uzalishaji ni kiasi cha kazi inayotoka kwa saa moja ya mtu mmoja. Hauongezeki kwa kumkimbiza mtu mpaka azimie. Mwaka 1957 bingwa wa uchumi wa Marekani, Robert Solow, alipiga hesabu ya nchi yake toka 1909 hata 1949. Akaona kwamba mapato ya saa moja ya kazi yaliongezeka mara mbili, na katika ongezeko hilo sehemu moja tu kwa nane ililetwa na kuongeza mitambo na mali. Sehemu saba zililetwa na maendeleo ya ufundi, yaani njia bora za kufanya kazi.

Mabwana husoma hesabu hiyo wakasema: Mwaona? Faida imeletwa na akili, si na mikono yenu. Nasi twauliza: hiyo akili ilikaa kichwani mwa nani?

Sisi ni watu wa reli, basi tutazame habari ya mvuke. James Watt alikuwa fundi wa vyombo vya kupimia katika chuo kikuu cha Glasgow. Aliletewa mfano mdogo wa injini ya Newcomen autengeneze, akaona jinsi unavyopoteza mvuke, akafikiri, akapata dawa yake. Mwaka 1769 alipewa hataza, yaani hati ya serikali inayokataza mtu mwingine kuutumia uvumbuzi ule bila ruhusa ya mwenyewe. Mwaka 1775 Bunge la Uingereza likamwongezea muda mpaka mwaka 1800. Jumla miaka 31!

Watt na mshirika wake Boulton waliwauzia injini wenye migodi ya Cornwall, ambako maji hupampiwa kutoka chini ya ardhi. Malipo yao yalikuwaje? Walipima makaa yaliyookolewa na injini yao kuliko injini ya zamani, wakadai theluthi ya thamani yake. Likumbukeni neno hili la theluthi, tutalirudia.

Hatusemi Watt hakustahili kulipwa. Kazi yake ilikuwa kubwa. Lakini hataza ile ndefu ilikuwa pia kama kufuli mlangoni. Jonathan Hornblower wa Cornwall alijenga injini ya silinda mbili, akapewa hataza yake mwaka 1781, lakini Boulton na Watt wakadai kwamba inaingia ndani ya haki yao, na wateja wakaogopa mashtaka. Watt mwenyewe aliupinga mvuke wa nguvu nyingi. Mwaka 1800 muda ulikwisha. Mwaka 1804, huko Penydarren katika Wales, injini ya Richard Trevithick ilivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70 juu ya reli. Hapo ndipo gari la moshi lilipozaliwa, na uzao wake ndio uliofika Mombasa reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896.

Sikilizeni na jambo la pili, kwa maana ndilo lenye mafundisho. Mafundi wa Boulton na Watt walipoondoka Cornwall, injini zilizobaki zilizorota kwa kukosa utunzaji mzuri. Hataza haikuweza kuzitia mafuta! Ndipo mwaka 1811 msimamizi mmoja wa migodi, Joel Lean, alipoanza kutoa gazeti dogo kila mwezi. Ndani yake iliandikwa kila injini, fundi wake ni nani, imejengwa namna gani, na imeinua maji kiasi gani kwa kipimo kimoja cha makaa. Kila fundi akaona kazi ya mwenzake. Aliyeshindwa aliiga, aliyeshinda alisifiwa na kuitwa kwenye migodi mingine. Trevithick mwenyewe hakuichukulia hataza injini aliyoijenga huko mwaka 1812. Na ilipofika miaka ya 1840, injini za Cornwall zilifanya kazi zaidi ya mara mbili kwa makaa yale yale. Gazeti la kurasa chache, ndugu, kama hili mlilo nalo mkononi, lilifungua mlango ambao kufuli lilikuwa limeufunga.

Lakini tusidanganyane. Trevithick aliyewapa watu injini yake alikufa maskini huko Dartford mwaka 1833, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani ndio waliochanga fedha akazikwa. Basi kufunga maarifa ni kosa, na kumwacha aliyeyatoa afe njaa ni kosa pia. Chama hakitaki mojawapo.

Sasa turudi kwetu. Katika karakana moja, ambayo jina lake tunaliacha, kubadili vibao vya breki vya behewa kulikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja alilala chini ya behewa akiinua chuma kizito, mwenzake akitia pini. Vidole vilisagika. Fundi mwenzetu aliokota chuma kilichotupwa, akakikunja, akakitoboa, akatengeneza wenzo wa kuinulia kibao ili mtu mmoja aweze kazi yote naye amesimama. Hakuna mtaalamu aliyemfundisha. Alifundishwa na mgongo wake mwenyewe uliokuwa ukiuma.

Bwana msimamizi alikuja, akatazama, akachora picha kwenye karatasi. Baada ya miezi mitatu wenzo huo ulikuwa katika kila zamu, na taarifa iliyopelekwa juu haikuwa na jina la fundi. Kikundi cha watu wanane kikafanywa cha watano. Yule fundi alipata nini? Alipata lawama za wale watatu waliosimamishwa kazi! Tangu siku hiyo, fundi mwenye wazo jema hulificha kama mtu afunikaye taa kwa pishi. Kisha mabwana wanauliza kwa nini uzalishaji haupandi. Sisi tuliosoma misheni tulifundishwa kwamba hata ng'ombe apuraye nafaka hafungwi kinywa. Je, fundi si zaidi ya ng'ombe?

Wengine watasema, sheria ipo. Ndiyo, ipo. Zamani hataza ya Kenya ilipatikana tu kwa kuandikisha ile iliyotolewa Uingereza, mpaka Bunge letu lilipopitisha sheria yetu wenyewe mwaka 1989, na mpya mwaka 2001. Hataza hudumu miaka 20. Lakini sheria hiyo yasema kwamba uvumbuzi uliofanywa katika kazi ya kuajiriwa ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba umesema vingine. Uvumbuzi ukiwa na thamani kupita ilivyotazamiwa, mvumbuzi aweza kudai malipo ya ziada. Shikeni maneno haya: isipokuwa mkataba umesema vingine. Mkataba huandikwa na nani? Huandikwa na mwajiri pamoja na chama. Basi tusilie nje ya mlango ambao ufunguo wake tunao nusu.

Katika mapatano yajayo twataka mambo manne.

Kwanza, kila karakana iwe na daftari la uvumbuzi. Liandikwe wazo, jina la mwenyewe na tarehe, na litiwe sahihi na mwajiri na mjumbe wa chama. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, hesabu ya faida ifanywe wazi, na mvumbuzi na kikundi chake wapate sehemu. Watt alidai theluthi ya makaa yaliyookolewa na hakuna aliyemwita mkorofi. Kwa nini fundi wa Kenya akidai sehemu ya saa alizookoa aitwe mchochezi?

Tatu, mtu asifukuzwe kwa sababu ya uvumbuzi wa mwenzake. Afundishwe kazi nyingine.

Nne, mtambo mpya ukija, vitabu vyake vifunguliwe kwa mafundi wetu nao wafunzwe kuutengeneza. Mtambo usioweza kufunguliwa na anayeutumia hautufanyi mafundi, watufanya walinzi wa mlango.

Wajumbe wa kila tawi wayajadili haya kabla ya mkutano mkuu. Na wewe ndugu mwenye wenzo wako uliouficha chini ya benchi, ulete kwa mjumbe wa chama, uandikwe. Mwajiri akitaka tuutumie, tutaanza na jina lako.

Umoja ni nguvu.

Wenzenu wa karakana