Tamko la Mawakili wa Kisii na Nyamira Kuhusu Wajibu wa Wakili Kuwasimamia Wasaidizi Wake wa Kisheria

Sisi mawakili tunaofanya kazi katika kaunti za Kisii na Nyamira, tunaosimama mbele ya mahakama za Kisii, Ogembo, Keroka na Nyamira, tunatoa tamko hili kwa mawakili wenzetu, kwa wasaidizi wa kisheria na makarani wa afisi zetu, na kwa wananchi wanaotukabidhi mashamba, urithi na haki zao.

Msimamo wetu ni huu: kazi yoyote inayotoka katika afisi ya wakili ni kazi ya wakili. Aliyeichapa, aliyeitafsiri au aliyeifikisha mahakamani anaweza kuwa mtu mwingine, lakini wa kuijibia ni wakili mwenyewe.

Hali ilivyo

Wananchi wengi wa eneo letu la Gusii wanapokuja kwetu hawaanzi kwa wakili. Mzee anayeshuka matatu kutoka Etago au Nyansiongo, bahasha ya karatasi ikiwa kwapani, hupokelewa na msaidizi. Hueleza shida yake kwa Ekegusii, na msaidizi huyo ndiye anayeyageuza maneno yake kuwa Kiingereza cha mahakama. Huduma hii ni ya thamani, na bila wasaidizi wetu watu wengi wangerudi nyumbani bila kusikilizwa. Lakini jambo likikosewa pale mezani na wakili asilione, kosa hilo huingia mahakamani likiwa na sahihi yake.

Tutoe mfano wa urithi, kwa kuwa mashamba yetu yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi mengi hayafiki ekari moja. Ombi la kusimamia mali ya marehemu huambatana na hati ya kiapo inayowataja wote aliowaacha, pamoja na barua ya chifu. Msaidizi huandika majina ya wana wa kiume peke yao, akawaacha mabinti walioolewa au nyumba ya mke wa pili, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na aliyekuja. Wakili hutia sahihi bila kuuliza. Miaka kadhaa baadaye binti aliyeachwa nje hujitokeza. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinaipa mahakama uwezo wa kufuta hati ya usimamizi iliyopatikana kwa maelezo ya uongo au kwa kuficha jambo muhimu. Wakati huo shamba limeshapimwa, mipaka imeshawekwa, na pengine mnunuzi ameshajenga. Ndugu wameshakuwa maadui. Yote hayo yangezuiwa na wakili ambaye angemwita mteja ndani na kumwuliza: "Marehemu alikuwa na mabinti wangapi, na wako wapi?"

Hati za kiapo zenyewe nazo zinatutia wasiwasi. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Viapo, Sura ya 15, kinamtaka kamishna wa viapo aandike kwa ukweli mahali na tarehe ambapo kiapo kilichukuliwa. Karatasi inayobebwa na karani hadi afisi jirani ikapigwe muhuri, ilhali anayedaiwa kuapa yuko Nyamache akichuma majani chai, haina kiapo ndani yake. Anayeipiga muhuri na anayemtuma karani wote wawili wameidanganya mahakama.

Sheria inavyosema

Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, haina utata. Kifungu cha 31 kinamkataza asiyehitimu kufanya kazi ya wakili, na cha 34 kinamzuia kuandaa hati fulani kwa malipo. Kifungu cha 35 kinataka hati hizo ziwe na jina na anwani ya aliyeziandaa, ili mwananchi ajue wa kumwuliza. Kifungu cha 55 kinamfanya kila wakili kuwa afisa wa mahakama, na hadhi hiyo haikabidhiwi karani.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imemtambua msaidizi wa kisheria. Inataka awe amefunzwa, ameidhinishwa, na anafanya kazi chini ya usimamizi. Majirani zetu wa Tanzania nao waliwatambua wasaidizi wa kisheria kwa sheria yao ya 2017. Nchini Marekani, kanuni za mfano za chama cha mawakili za mwaka 1983 zilimwajibisha wakili kuhakikisha kwamba mienendo ya wasaidizi wake inalingana na maadili yake mwenyewe.

Tunawakumbusha pia wenzetu kifungu cha 135 cha Sheria ya Ushahidi, kinachopanua ulinzi wa siri za mteja hadi kwa wakalimani na makarani wa wakili. Mama anayemweleza karani wetu mambo ya ndoa yake kwa Ekegusii ana haki ya siri ileile anayoipata mbele ya wakili. Karani asiyefundishwa jambo hili ataisimulia habari hiyo sokoni Daraja Mbili, na lawama itakuwa yetu.

Tunayojifunga kuyatenda

1. Kila wakili atakutana na mteja wake ana kwa ana kabla hati ya kwanza haijawasilishwa mahakamani, na atamsomea yaliyoandikwa kwa lugha anayoielewa.

2. Hakuna wakili atakayetia sahihi karatasi tupu au hati ambayo hajaisoma.

3. Muhuri wa wakili na nenosiri lake la kuwasilisha nyaraka mtandaoni vitabaki mikononi mwake. Oktoba 2023 nchi nzima ilishtushwa na habari za mtu aliyedaiwa kujifanya wakili kwa kutumia jina la wakili mwingine. Anayemwachia karani nenosiri lake anaufungua mlango huohuo.

4. Fedha za mteja zitalipwa kwa afisi, kwa risiti, wala si kwa simu ya karani. Fedha anazoshikiwa mteja zitawekwa katika akaunti ya wateja.

5. Hatutagawana ada na asiye wakili, wala hatutamlipa mtu yeyote kututafutia majeruhi wa ajali za bodaboda wodini.

6. Tarehe za mwisho zitafuatiliwa na wakili mwenyewe. Dai la fidia ya ajali lina miaka 3. Ombi la kibali cha bodi ya ardhi lina miezi 6 tangu mkataba wa mauzo. Mteja aliyepitwa na muda hafarijiwi kwa kuambiwa kwamba karani alisahau.

7. Kila msaidizi atapewa mipaka yake kwa maandishi. Anaweza kupokea maelezo, kufanya utafiti, kuandaa rasimu na kufuatilia faili. Hawezi kutoa ushauri wa kisheria kwa jina lake, kupanga ada, kukubali suluhu wala kumwakilisha mteja mahakamani.

Kwa wasaidizi wetu

Tamko hili halikutolewa ili mtwishwe makosa ya wakubwa wenu. Usimamizi ni haki yenu pia. Mna haki ya kufundishwa, kulipwa ujira wa halali, na kumwuliza wakili mnapokwama bila kukaripiwa. Mkiamriwa kufanya jambo lisilo halali, kataeni, nasi tutasimama nanyi.

Kwa wananchi

Ulizeni jina la wakili anayeishika kesi yenu na mdai kumwona. Hakikisheni kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili nchini Kenya kwamba ana leseni ya mwaka huu. Daini risiti. Msiape mbele ya karatasi tu; apeni mbele ya kamishna. Mkidhulumiwa, pelekeni malalamishi kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili. Tume inaweza kuyafikisha mbele ya Jopo la Nidhamu la mawakili, lenye uwezo wa kumsimamisha wakili na hata kumfuta katika orodha ya mawakili.

Kwa mwenzetu atakayepuuza wajibu huu, hatutamficha kwa sababu ni jirani au tulisoma naye. Wananchi wa Gusii wametukabidhi ardhi waliyoachiwa na wazazi wao, nasi tutaijibia kila hati inayobeba majina yetu.

Limetolewa kwa niaba ya mawakili wanaohudumu katika kaunti za Kisii na Nyamira.